Salamu Iliyopitwa Uwanjani

Kasian Ndihokubwayo hakuwahi kukiamini kitu kinachopiga kelele kabla ya kufika. Kwa hiyo siku gari la idara ya afya lilipomkuta kazini Murungu, na dereva akamwambia kwamba anatakiwa Kibondo mjini siku ya Jumamosi akajifunze pikipiki, hakuuliza saa ngapi wala pikipiki ya nani. Aliuliza, "Nani amewaambia kwamba mimi nataka pikipiki?"

"Hakuna aliyesema unataka, mzee," alijibu dereva. "Wamesema utajifunza. Tutakupitia asubuhi na gari."

"Msinipitie. Miguu yangu naijua inakokwenda."

Watu wa nyanda hizi walikuwa na sababu ya kuogopa mwito wa uwanjani. Mwaka ule wa kuhamishwa waliitwa hivyo hivyo, kwa maneno matamu, wakasikilize mkutano. Waliporudi walikuta malori yanawangoja na mapaa yamekwisha kushushwa. Tangu hapo nyumba zilisimama kwenye mstari kama askari wa gwaride, mlango wa huyu ukitazama mlango wa yule, na kila mmoja akajua jirani amepika nini na amelia saa ngapi. Zamani kila mji ulikuwa na ua wake na migomba yake, na mtu aliweza kuugua kwa heshima.

Na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kasian, kuwaangalia watu wanaougua kwa siri. Alikuwa mgawa dawa za ukoma. Alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, mfuko wa kitambaa begani, akawafikishia wagonjwa vidonge vyao vya mwezi na kuwatazama kama ugonjwa unalala au unaamka. Tangu nyumba zipangwe mstarini, kazi hiyo ilikuwa ngumu kama kumeza mfupa. Ukigonga mlango mmoja, macho ya mstari mzima yanakuona. Na nyumba ikishajulikana ina ukoma, mke anarudishwa kwao, na watoto wanaambiwa wateke maji mwisho, wenzao wakishaondoka.

Kasian alipata dawa ya macho hayo, nayo ilikuwa salamu.

Salamu ya Waha wa wakati ule haikuwa neno la kumtupia mtu huku unatembea. Ulisimama. Kama ulikuwa na mzigo, uliutua. Kama ulikuwa na baiskeli, ulishuka, ukailaza pembeni. Ulinyosha mikono yote miwili, ukamshika mwenzako juu ya viwiko naye akakushika, mkaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mihogo, za waliokufa na waliozaliwa, na mikono ikateremka polepole mpaka viganja vikakutana. Siku hizi mtu anapiga honi, akadhani amesalimia.

Katika mteremko huo wa mikono Kasian alimaliza kazi yake yote. Kidole gumba kilipita nyuma ya kiwiko, pale mshipa unapokaribia mfupa. Ukoma ukichachamaa, mshipa huo huvimba kama kamba iliyolowa, ukawa moto, na mgonjwa asipotibiwa upesi mkono hupooza. Alipofika kwenye vidole alijua vipi vimekufa ganzi na kipi kina kidonda. Viganja vilipokutana, vidonge vilivyofungwa katika kipande cha jani kavu la mgomba vilihama kutoka kwake kwenda kwa mwenzake. Aliyetazama aliona mtu anasalimiwa tu. Na kwa kuwa Kasian alisalimia mstari mzima, wazima kwa wagonjwa, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna jirani aliyeweza kusema ni nani.

Sasa wakubwa wa kazi walikuwa wameamua kwamba wa miguu hawatakiwi tena. Atakayefaulu uwanjani atapewa pikipiki na kuendelea na vijiji vyake. Atakayeshindwa atabaki mjini kufungasha dawa, na vijiji vyake atapewa mwingine. Vya Kasian angepewa Isihaka.

Isihaka alikuwa kijana wa Kasulu mjini, mtoto wa wenye duka, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusema. Kasian alimwona rohoni akiingia Murungu kwa ngurumo mpaka mlangoni, akizima, akiita jina la mgonjwa kwa sauti ya kuuzia khanga. Mwezi usingekwisha kabla kijiji kizima hakijajua. Hilo ndilo lililomtoa Kasian nyumbani. Alitaka kufaulu, aichukue hiyo pikipiki, kisha aifiche mbali na aingie Murungu kwa miguu kama siku zote.

"Umri huo," mkewe Philomena alimwambia, "utakalia kitu kinachotoa moshi matakoni?"

"Nakwenda kukitazama kwanza."

"Kitazame. Nacho kitakutazama. Mkishindana kutazamana, mwite padri."

Aliondoka Ijumaa kwa miguu, akalala kwa ndugu yake Kibondo.

Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha zamani cha kutulia ndege, nje kidogo ya mji, nyasi zimefyekwa. Mtu alikuwa amepanga mawe yaliyopakwa chokaa yakafanya njia ya duara, yenye kona mbili kali, mapipa ya kuzungukwa, mchanga uliomwagwa makusudi, na ubao mwembamba juu ya shimo. Watu wa mjini walikwisha kujaa pembeni kama wamekuja kuona ng'ombe akichinjwa. Kasian aliyatazama mawe yale, akayaona yamepangwa kama mtego wa kware, wenye njia ya kuingilia bila ya kutokea.

Mwalimu alikuwa Bwana Gharibu, mtu wa pwani aliyehamishiwa Kasulu, mfupi, ovaroli la buluu, filimbi shingoni. Alikuja na pikipiki mbili za Kijapani juu ya lori, na maneno mengi kuliko pikipiki.

"Hiki si kijini," aliwaambia. "Huku klachi, huku breki, huku mafuta. Gia unazitia kwa mguu wa kushoto. Ukikiogopa kitakuangusha. Ukikizoea mno, kitakuangusha vilevile. Nani wa kwanza?"

Kasian alisimama nyuma kabisa. Aliona kwamba pikipiki moja ina tairi jipya na nyingine tairi lake limelika upande, akajiuliza ile mbovu wamemwekea nani.

Landirova ya idara iliyowakusanya wengine vijijini ilifika imechelewa, na Isihaka akateremka, amevaa miwani myeusi.

"Shikamoo, mzee Kasian."

"Marahaba. Miwani hiyo ni ya jua, au ya kuficha macho?"

"Ya vumbi, mzee."

"Vumbi bado halijatimka."

Isihaka akacheka. Kasian hakucheka. Mtu anayecheka akitukanwa, aliwaza, ana lake analongoja.

Zamu ya Kasian ya kujifunza ilipofika, Isihaka alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, usitazame gurudumu. Tazama mbali, kule unakotaka kwenda. Chombo kitafuata macho."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kasian aliyapima maneno hayo, akaona hila yake. Nani aliwahi kuvuka mto kwa kutazama ng'ambo badala ya kutazama jiwe analokanyaga? Basi akaondoka macho yameganda kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu likayumba, naye akalifuata kwa macho likiyumba, mpaka likaenda kulibusu pipa, na pipa na mzee na pikipiki vikalala pamoja.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko.

"Baba!" Gharibu alipaza sauti. "Hilo pipa limekukosea nini? Lilikuwa limekaa zake tu!"

Kasian alijipangusa vumbi, akapanda tena. Safari hii, kwa kuwa hakuna ambaye angejua amefuata shauri la nani, alijaribu kutazama mbali. Pikipiki ikamfuata kama ng'ombe anayemjua mchungaji wake. Akapita mchanga, akapita ubao, akazunguka mapipa yote bila kugusa. Aliporudi moyo wake haukuwa na furaha. Maneno ya Isihaka yalikuwa ya kweli, na hilo lilimtisha kuliko uongo. Adui yako akikupa asali, jiulize mzinga ameuweka wapi.

Mchana mtihani ukaanza. Gharibu alitangaza sharti mbele ya wote. Kila mtu atazunguka mizunguko mitatu. Haruhusiwi kukanyaga chini, haruhusiwi kusimama, na atakayezima injini njiani ameshindwa. Isihaka alikwenda kabla yake, akamaliza kama anayecheza. Kisha ikawa zamu ya Kasian.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Hata wale waliocheka walianza kumpigia makofi. Alikuwa anaingia kona ya pili alipoisikia sauti aliyoijua, si ya kupaza, sauti ya mtu anayesalimia kibarazani kwake.

"Mwakeye, Kasian."

Mzee Hatungimana wa Murungu alikuwa amesimama kwenye mawe ya chokaa, ndani ya koti lake refu, mikono ameitanguliza mbele. Alikuwa mgonjwa wa Kasian wa siku nyingi kuliko wote, na katika mstari ule wote hakuna aliyejua ila wao wawili. Kasian hakufikiri. Mwili wake ulifikiri kwa niaba yake, kama mwili wa kila Mha wa zamani zile, kwa maana huwezi kumpita mzee aliyekunyoshea mikono, wewe umekaa. Alikamata breki. Pikipiki ikakohoa, ikazima. Akashuka, akailaza kwenye nyasi kama baiskeli, akakunja magoti kidogo, akanyosha mikono.

"Mwakeye, mutama," akasema, yaani mzee.

Filimbi ikalia kabla vidole havijagusana. Watu walikuwa wanacheka mpaka wengine wamekaa chini. Gharibu alikuja mbio.

"Bwana wee! Umekwenda kuposa au umekuja mtihani?"

"Nasalimia."

"Unasalimia! Katikati ya mzunguko! Na barabarani ukiwa na lori nyuma yako utashuka usalimie?"

"Nitashuka," Kasian alisema.

Wakacheka tena. Gharibu alitikisa kichwa, lakini hakuwa mtu mbaya. "Umeshindwa," alisema. "Ila umepita ubao vizuri kuliko vijana hawa, nami nina wazee kwetu. Nakupa mizunguko yako upya, sasa hivi, wenzako wanangoja. Ukishuka tena, hiyo pikipiki nampa mwingine na vijiji vyako pamoja."

Kasian alipokuwa anaiinua pikipiki, Isihaka alimsaidia upande wa pili, akamnong'oneza, "Mzee yule anakutafuta tangu asubuhi. Nimekuja naye kwenye gari."

Kasian aliganda. "Umekuja naye."

"Ndiyo. Tulimkuta barabarani anatembea, nikamwambia dereva—"

"Sikukuuliza mlimkuta wapi."

Ikawa kama mtu amemwashia taa chumbani. Kila kitu kilikaa mahali pake: miwani, kicheko, lile shauri la kutazama mbali, na sasa mzee aliyeletwa kwa gari akasimamishwa kwenye kona, kwa kuwa mtu wa Kasulu anajua vizuri Mha wa zamani atafanya nini akinyoshewa mikono. Aligeuka kumtazama Hatungimana. Mzee alikuwa bado pale, hakuelewa filimbi wala kicheko. Mkono wa kulia ulikuwa umenyoka sawasawa, lakini wa kushoto ulikuwa umetoka nusu tu, kiwiko kimebanwa ubavuni ndani ya koti. Salamu ya nusu, Kasian aliwaza. Salamu ya mtu aliyetumwa.

Akapiga kiki, akaondoka.

Mzunguko wa kwanza alipokaribia kona ile, mzee alinyosha mikono. Kasian alitazama mbali, kule anakotaka kwenda. Chombo kikafuata macho. Mzunguko wa pili mikono ilikuwa pale pale, naye akapita. Wa tatu hakutazama kama ipo au haipo. Gharibu alipuliza filimbi ya kumaliza, akampiga begani, akasema, "Sasa umekuwa dereva." Neno hilo lilikuwa kweli kuliko alivyojua aliyelisema. Siku hizo watu wengi wa nchi hii walikuwa wanafanywa madereva, hata wale ambao hawakugusa usukani.

Baadaye kulikuwa na soda na hotuba ya mkubwa mmoja kuhusu maendeleo. Ilipokwisha, Kasian alikwenda kwenye kona ile. Hapakuwa na mtu. Mzee amekwisha kurudi na lori la mihogo, watu walimwambia. Kasian aliona moyo unampunguka uzito. Tutaonana mwisho wa mwezi, alijisemea, na atanieleza alikubali vipi kutumiwa.

Lakini mwisho wa mwezi ulipita. Waliofaulu walizuiwa mjini wajifunze kusafisha plagi na kukaza mnyororo, wakingoja namba za pikipiki kutoka Kigoma, na namba zikachelewa. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza Kasian alipoondoka Kibondo juu ya pikipiki yake. Isihaka alipangiwa upande wa Munanila. Walipoagana kijana alimwambia, "Nisalimie yule mzee wako," na Kasian akaitikia kwa mguno.

Alifanya kama alivyokusudia. Barabarani, mbali na Murungu, aliiacha pikipiki nyuma ya duka la Bi Mwamvua, akaifunika kwa magunia, akatwaa mfuko wake, akatembea. Alianza nyumba ya kwanza ya mstari. Akasalimia, akaulizwa amepotelea wapi, akasema alikuwa na homa. Viwiko vikapita mikononi mwake, vidonge vikahama, na hakuna jicho lililoona kitu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya dereva yule alijiona mshindi. Mtego ulimkosa, na wagonjwa wake wangali watu kama watu.

Mzee Hatungimana alikuwa amekaa mlangoni kwake juu ya kigoda, koti begani.

"Mwakeye, mutama."

"Umeiacha wapi?"

"Nini, mutama?"

"Hiyo iliyokupitisha."

Kasian alinyosha mikono yote miwili. Mzee alimpa mmoja, wa kulia, kwa kukaa, kama wanavyopeana watu wa ofisini. Wa kushoto ulibaki ndani ya koti.

"Na wa pili?" Kasian alisema kwa sauti ya chini.

"Wa pili nilikuletea Kibondo."

Akautoa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja ndani kama ukucha wa mwewe, na nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. Kasian hakuhitaji kugusa.

"Uliwaka moto hapa kiwikoni," mzee alisema, "nikawa silali. Wewe siku zako zilikuwa bado. Nikasikia mtu wetu yuko Kibondo uwanjani, nikatoka kukufuata. Gari likanikuta. Yule kijana wa miwani akanishika mkono anipandishe, nikautoa upesi kwa maumivu. Akaniuliza, 'Babu, unaumwa?' Ningemwambia nini, na gari limejaa watu? Nikamwambia nakwenda kumsalimia mwanangu."

"Hakukuleta yeye?"

"Anilete nani? Nilijileta." Akautazama mkono wake kama unavyotazamwa mkono wa mtu mwingine. "Nikasema, akishika tu atajua. Sitahitaji kufungua mdomo."

Kasian alibaki ameinama, mikono imening'inia. Kwenye mfuko wake kulikuwa na dawa ya kuzima moto ule wa mshipa. Ilikuwepo pia siku ile, kwenye mfuko huo huo, chini ya mti palipoachwa makoti ya wanafunzi wa pikipiki.

Nyumba ya mbele yao, ng'ambo ya njia, Esteri alikuwa anapepeta maharage. Alikuwa mwanamke mwema, na macho yake hayakupitwa na jambo. Akasimamisha ungo.

"Kasian!" aliita. "Mbona hapo umesalimia kwa mkono mmoja? Mmegombana, au kuna kitu?"

Mstari mzima ulisikia. Mlango mmoja ulifunguka, na mtu akatoa kichwa. Kasian alimtazama mzee. Angeweza kusema homa, angeweza kusema lolote.

Hatungimana aliinuka. Aliliacha koti likaanguka juu ya kigoda, akatanguliza mikono yote miwili, uliopona na uliokufa, mgongo wake akiwa ameupa upande wa Esteri.

"Mwakeye, Kasian mwanangu!" akasema kwa sauti ya watu wote. "Nilikuwa nimechoka tu, miguu ya uzee. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mutama."

"Philomena?"

"Mzima."

"Mihogo imeshika?"

"Imeshika. Na ng'ombe wako?"

"Wapo. Yule mwekundu amezaa."

Mikono ikateremka polepole. Kidole gumba cha Kasian kikapita nyuma ya kiwiko cha kushoto, kikaukuta mshipa umenenepa, mgumu, baridi kama mzizi uliokauka. Akashuka mpaka kwenye kiganja, akajaribu kuviacha vidonge pale mahali pake pa siku zote. Kiganja hakikufunga. Jani likateleza, akaliwahi kwa vidole, akalihamishia mkono wa kulia, na mzee akalifumbata bila kulitazama, akiendelea kuuliza habari za mvua.

Esteri aliridhika, akarudi kwenye ungo wake.